Bukavu–Uvira: jimbo ambalo mtu anatoka nje ya inchi ili afike nyumbani

Mtu akifika asubuhi kwenye gari za Uvira, hapa Bukavu, swali la kwanza haliko la bei. Msaidizi wa dereva anauliza: "Mama, Ngomo ao Rwanda?" Swali hilo limekuwa la kawaida hivi kwamba hakuna anayelishangaa tena. Abiria anajibu Rwanda, anapapasa mfukoni kama kadi yake ya mchaguzi iko, anaketi. Raia wa Kongo anatoka makao makuu ya jimbo lake kwenda katika mji wa pili wa jimbo hilo hilo, na kabla ya yote anaombwa atoke nje ya inchi.

Kati ya Bukavu na Uvira kuna kama kilomita 125. Ni kipande cha barabara ya taifa namba 5, ile ambayo kwenye ramani inashuka bondeni mwa Ruzizi, inagusa Ziwa Tanganyika pale Uvira, inafuata ufuko kwa Makobola, Mboko, Lusenda mpaka Baraka, inapanda Fizi, kisha inaendelea Kalemie na mwisho wake ni Lubumbashi. Kwenye ramani ni mstari mwekundu mzuri. Wafanyabiashara wa mawese na ndagala ambao wanaishi juu ya mstari huo wanajua kwamba wino wa ramani haujawahi kubeba gunia.

Ubaya wote unaanzia Ngomo. Ukipita Nyangezi, barabara imechongwa ubavuni mwa mlima: mkono mmoja ukuta wa udongo na mawe, mkono wa pili shimo linaloshuka kuelekea Ruzizi. Lori mbili zikikutana mahali pabaya, moja inabidi irudi kinyumenyume, na abiria wanashuka kwanza, kwa sababu hakuna anayetaka kuwa ndani wakati tairi la nyuma linatafuta udongo. Mvua ikinyesha, mlima unaleta matope njiani. Gari moja la mizigo likikwama, foleni inalala pale, wakati mwingine siku zaidi ya moja, na wanaolala pale wanajua kwamba wezi nao wanajua. Kila familia ya Uvira, ya Luvungi, ya Kamanyola iko na jina la mtu wa kutaja pale Ngomo.

Viongozi wanaposikia kilio hicho, jibu lao la kwanza ni mlima. Eti jiografia ya Kivu ni ngumu, eti hata Wabelgiji walipata taabu. Jibu hilo lingekuwa na uzito kama ng'ambo ya Ruzizi kungekuwa tambarare. Lakini ng'ambo ya Ruzizi kuna milima ile ile, udongo ule ule, mvua inayotoka katika wingu lile lile. Na pale kuna lami, kutoka Kamembe mpaka Bugarama, ndiyo hiyo lami ambayo Wakongo wanaikanyaga kila siku wakienda kwao. Mlima hauchagui inchi. Kuna upande mmoja walioamua kwamba barabara ni kazi ya serikali, na kuna upande wa pili walioamua kwamba barabara ni habari ya Mungu na madereva.

Jibu lao la pili ni baya zaidi, kwa sababu hata wananchi wameanza kulirudia: "Mnalalamika nini? Pitieni Rwanda, ni karibu na ni salama." Ni kweli, njia hiyo ni ya haraka. Ni kweli pia kwamba hakuna mama mwenye mtoto mgonjwa ambaye atalaumiwa kwa kuichagua. Lakini tazama anayepita na asiyepita. Abiria mwenye mkoba mdogo na kadi mkononi anapita. Gunia la mchele la bonde la Ruzizi halipiti hivyo: linapanda Ngomo, juu ya lori, na juu ya gunia wanaketi wale wasiokuwa na pesa ya njia nyingine. Kijana ambaye hajafikisha umri wa kupata kadi ya mchaguzi anabishana mpakani. Aliyekimbia vita akaacha karatasi zote ndani ya nyumba iliyoungua, huyo ndiye anayeambiwa apite Ngomo. Kwa hiyo "pitieni Rwanda" maana yake ni: mwenye karatasi na pesa apite kwa lami, mwingine apite kwa shimo.

Tena mlango huo, ufunguo wake uko kwa mtu mwingine. Machi 2020, wakati wa korona, mipaka ilifungwa, na kwa siku chache tu jimbo zima likakumbuka kwamba Ngomo bado iko. Wagonjwa, wanafunzi na wafanyabiashara wote walirudi kwenye udongo. Januari 2024 Burundi imefunga mpaka wake na Rwanda juu ya ugomvi wao wenyewe. Hakuna Mkongo aliyeulizwa maoni, na hakuna sababu ya kumuuliza, kwa kuwa kila inchi inafunga mlango wake inavyotaka. Ugomvi kati ya Kinshasa na Kigali nao hauko siri kwa mtu yeyote. Serikali inayosema kwenye redio kwamba jirani ni adui, huku raia wake wanatumia barabara ya jirani huyo kwa safari za ndani ya jimbo, inapaswa ieleze siku mlango ukifungwa kabisa watu watapitia wapi.

Halafu kuna pesa. Hapa ndipo hasira inapopata miguu, kwa sababu barabara hii mbovu si ya bure. Inchi iko na mfuko wa taifa wa kutunza barabara, FONER, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Kila anayenunua lita ya mafuta anauchangia, na kwenye peaje gari zinalipa tena. Kisha zinakuja kamba. Kamba ya polisi wa barabarani, kamba ya wanajeshi, kamba ya wanaokusanya takse ya usultani, kamba ya vijana wanaosema wamejaza mashimo kwa majembe yao (na hao angalau wameshika jembe). Utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulihesabu vizuizi 798 katika Kivu zote mbili, na zaidi ya nusu vilikuwa huku Kusini. Dereva wa moto anayetoka Baraka kwenda upande wa Fizi na Lulimba hahitaji utafiti. Anaweka noti ndogo ndogo katika mfuko wa kushoto kabla ya kuwasha moto, kama mtu anayejaza mafuta. Anajua sauti zote: "Shefu, saidia na ya maji." "Papa, acha ya sabuni." Risiti hakuna. Akiomba risiti anaambiwa ateremke, moto ikaguliwe, na ukaguzi una bei yake.

Kifungu cha 30 cha Katiba kinasema mtu aliye katika inchi hii ana haki ya kutembea humo kwa uhuru. Mama wa Mboko anayebeba beseni ya ndagala kwenda kuuza Uvira hajui kifungu hicho kwa namba. Anajua kwamba jioni akihesabu alichobaki nacho, sehemu ya kamba ni kubwa kuliko sehemu ya watoto. Bei ya ndagala sokoni inapanda, mnunuzi anamlaumu mama, mama anamlaumu dereva, dereva anamlaumu askari. Askari anasema mshahara haufiki. Inawezekana ni kweli haufiki. Lakini askari huyo alikuwa na njia ya kudai mshahara wake Kinshasa, na yeye amechagua kuudai kwa mama wa ndagala.

Kuna wanaosema kwamba vita iishe kwanza, barabara baadaye. Maneno hayo yanasikika kama hekima, lakini yamesimama kichwa chini. Makundi yenye silaha hayaishi kwa hewa. Kamba barabarani ndiyo shamba lao, na mahali gari inatembea polepole ndipo kamba inapoota. Barabara ambayo gari inapita kwa mwendo wa mtu mgonjwa ni zawadi kwa kila mwenye bunduki.

Tena si kila maiti wa safari zetu ni wa vita. Tarehe 2 Julai 2010, pale Sange, katikati ya bonde, gari la kubeba mafuta lilipinduka kwenye barabara hii ya namba 5. Watu walikimbilia kuchota, wengine walikuwa vibandani wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ulipolipuka uliua watu zaidi ya 200. Hapakuwa na risasi hata moja. Disemba 2014, meli Mutambala ilizama katika Ziwa Tanganyika ikiwa imejaa kupita kiasi, ikaondoka na watu zaidi ya 100. Pale pia hapakuwa na risasi. Kila mara tume inatangazwa, na msiba unaisha kabla tume haijaandika ukurasa wa kwanza.

Na mwaka 2024 uliongeza wake. Minova ni ya wilaya ya Kalehe, bado ndani ya jimbo hili, lakini soko lake na hospitali kubwa anayoikimbilia viko Goma. Vita ilipokata barabara ya Sake, watu wote na mizigo yote wakahamia majini, katika boti zile zile zilizokuwa zinabeba watu wachache. Tarehe 3 Oktoba boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku. Waliokuwa wanangojea ufukoni waliiona ikilala ubavu. Makumi ya watu walikufa huku wanaona nyumba za Goma. Baadaye wakubwa walizungumza juu ya makoti ya kuokoa maisha na juu ya boti kujazwa kupita uwezo wake. Ni sawa kuzungumza hivyo. Lakini boti haikujaa kwa sababu Wakongo wanapenda kubanana. Ilijaa kwa sababu njia nyingine ilikuwa imefungwa, na hakuna aliyepanga jambo lolote mahali pake: hakuna boti ya ziada, hakuna mtu wa kuhesabu abiria bandarini.

Wenye hali ngumu kuliko wote hawamo katika foleni ya Ngomo wala katika boti. Wako juu. Kutoka Minembwe, kutoka Itombwe, kutoka vijiji vya milima inayotazama Uvira, safari ni miguu. Siku mbili, tatu, kwa kushuka na kupanda, na mizigo kichwani. Mwanamke ambaye uchungu umemshika vibaya anabebwa kwa kipoyi, wanaume wanne wanapokezana, na familia inaomba mambo mawili: mvua isinyeshe, na njiani wasikutane na watu. Kwa sababu huko juu kamba haiulizi pesa peke yake. Inauliza kabila. Kuna vipande Mnyamulenge hathubutu kupita, kuna vipande Mbembe ao Mfuliiru hathubutu kupita, na kila upande una makaburi ya kuonyesha. Ndege ndogo inatua Minembwe, ni kweli, na inayoileta chumvi na dawa inaiuza chumvi hiyo kwa bei ya ndege. Barabara kutoka ufukoni mpaka juu ingewafanya watu hao wakutane sokoni mara moja kwa juma. Haitoshi kuleta amani, lakini bila hiyo wanaosema amani wanasema kwa redio tu, kwa watu ambao hawawezi kufikiana.

Shabunda, msituni, nayo inajulikana kwa ndege. Idjwi ni kisiwa na inategemea boti. Katika wilaya nane za jimbo hili, ni ngumu kutaja moja ambayo mtu anaingia na kutoka bila hofu.

Sasa, kwa nini hali hii inadumu? Jibu si gumu kulipata, inatosha kutazama wenye uamuzi wanasafiri namna gani. Mpaka mwanzo wa mwaka 2025, mkubwa aliyetoka Kinshasa alikuwa anashuka Kavumu kwa ndege. Alipotakiwa Uvira, jeep yake ilipita Rwanda, vioo vimefungwa, na baada ya saa chache alipigwa picha kando ya ziwa akisema Kivu ni nzuri. Kwa miaka mingi kulikuwa pia na helikopta za MONUSCO kwa waliokuwa na bahati ya kuandikwa kwenye orodha. MONUSCO iliondoka Kivu ya Kusini mwezi wa Juni 2024, na helikopta ziliondoka nayo, pamoja na mashine ambazo askari wake walizitumia mara nyingine kukwangua matope. Wengi walishangilia. Wachache waliuliza nani atashika lile sepeto. Swali hilo lilibaki wazi.

Wabunge waliochaguliwa Uvira na Fizi wanaijua barabara hii, kwa kuwa walikuja kuomba kura. Wakati wa kampeni, Desemba 2023, kila mmoja alikuwa na neno juu ya Ngomo, juu ya madaraja, juu ya ziwa lililopanda na kumeza nyumba na njia za Uvira. Daraja gani? Kwa pesa gani? Lini? Hapo ndipo sauti ilipungua. Mafuriko ya Aprili 2020 yaliyoua watu Uvira yalionyesha wazi kwamba mito inayoshuka milimani, Mulongwe na mingine, inaweza kuukata mji vipande viwili kwa usiku mmoja. Miaka minne ikapita. Mwaka 2024 ziwa lilipanda tena, na maji yaliingia katika nyumba za watu na bandari ya Kalundu kabla hotuba mpya haijaandikwa.

Wakaaji hawaombi barabara ya Ulaya. Wanaomba mambo ambayo hata jimbo maskini linaweza kuyafanya. Kwenye kila peaje ya barabara namba 5 ubandikwe ubao: mwezi huu zimeingia franka ngapi, zimekwenda wapi. Ubao wa mbao, rangi nyeupe, hauhitaji mfadhili. Kila kizuizi kisichokuwa na karatasi ya sheria kiondolewe, kuanzia vile ambavyo viko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka ofisi ya wilaya, kwa sababu hivyo hakuna anayeweza kusema hakuviona. Pale Ngomo ziwekwe zamu za magari, saa za kupanda na saa za kushuka, na mashine moja ibaki palepale wakati wote wa mvua, isiitwe kutoka mbali baada ya siku tatu. Bandarini, mtu mmoja mwenye daftari ahesabu abiria, na awe na nguvu ya kuzuia boti hata kama mwenye boti ni rafiki wa mkubwa.

Na kuna ombi moja ambalo halina gharama hata kidogo. Gavana, mawaziri wa jimbo na wabunge wa Uvira na Fizi, wakati ujao wakienda kusini, wasipite Rwanda. Wapite Ngomo, mchana, siku ya mvua, katika gari la abiria, bila askari wa kufungua kamba mbele yao. Gari za Ngomo zinaondoka asubuhi mapema na nafasi hazikosi. Ile ya mbele, upande wa shimo, watapewa bila kugombana na mtu.